Ukali wa Mkubwa Huishia kwa Nani?

Zipo nyumba nyingi za Wakatoliki huku bara, tangu Songea hata Moshi, tangu Mwanza hata Morogoro, ambazo leo zina mtoto aliyevuka bahari kwenda kutafuta kazi Unguja. Alipanda boti Dar es Salaam asubuhi, na adhuhuri akawa yumo katika vichochoro vya Mji Mkongwe akiuliza gari la kwenda Nungwi, Kiwengwa, Paje au Jambiani, kwenye hoteli za watalii. Akapata kazi ya jikoni, au ya udobi, au ya kutandika vitanda. Akatuma fedha nyumbani, wazazi wakamshukuru Mungu. Kisha, baada ya miezi michache, sauti yake katika simu ikabadilika. Hasimulii tena habari za bahari. Asimulia habari za mkubwa wake wa kazi.

Twayajua masimulizi hayo, maana yanafanana. Mkubwa hutukana watu mbele ya wageni. Sahani ikivunjika, bei yake hukatwa katika mishahara ya wote, hata asipojulikana aliyeivunja. Siku ya mapumziko hutolewa leo na kunyang'anywa kesho. Bakshishi ya wageni huingia kashani isionekane tena. Tena masika yanapokaribia, mwezi wa Aprili na wa Mei, hoteli nyingi zinapofunga milango, wafanyakazi hurudishwa makwao bila kujua ni nani atakayeitwa tena Juni. Jambo hili la mwisho lina nguvu kuliko yote. Mkubwa anayeshika orodha ya watakaoitwa Juni hana haja ya kupaza sauti.

Mzazi ajibu nini? Wengi hutoa jibu moja kati ya mawili. Wengine husema, "Vumilia, mwanangu, subira huvuta heri." Wengine husema, "Rudi nyumbani, hatukukuzaa uwe mtumwa wa mtu." Majibu yote mawili yana upendo ndani yake, na yote mawili ni mepesi kwa mtu aliye mbali. La kwanza laweza kumzoeza kijana kukubali kila kitu. La pili laweza kumrudisha kijijini mikono mitupu, huku mwenzake waliyeteswa pamoja akibaki peke yake. Twapenda leo kulitazama jambo hili kwa kituo, kwa sababu twaona swali lenyewe haliulizwi sawasawa. Watu huuliza: nimvumilie mkubwa wangu hata lini? Sisi twauliza kwanza: ukali wake, ukiisha kukufikia wewe, waendelea kwenda wapi?

Lakini kabla ya hayo na tuseme upesi neno moja ambalo vijana hawatalipenda. Mkubwa mgumu si lazima awe mkubwa mbaya. Mpishi mkuu anayeirudisha sufuria mara tatu kwa kuwa haikutakata amtendea kijana hisani, ingawa hisani hiyo yauma. Meneja anayekataa udhuru wa kuchelewa kila Jumatatu hamdhulumu mtu. Siku hizi twasikia neno "mateso" likitumiwa kwa kila onyo, na twahofu kwamba neno likitumiwa hivyo halitakuwa na nguvu tena siku litakapohitajiwa kwa kweli. Mfanyakazi ajihoji hivi: je, mkubwa wangu agombana na kazi niliyoifanya, au agombana na utu wangu? Je, anidai kilichomo katika mapatano yetu, au kisichokuwamo? Akiisha kujijibu kwa unyofu, ndipo aendelee kusoma.

Kisiwa cha Unguja chenyewe kina somo katika jambo hili, tena somo zito. Soko la watumwa la Mji Mkongwe lilifungwa mwaka 1873, siku za Seyyid Barghash, kwa nguvu ya Waingereza. Sheria iliacha kuutambua utumwa mwaka 1897, siku za Seyyid Hamoud bin Mohammed. Kabla ya hapo, na kwa kitambo baadaye, mashamba ya karafuu yalilimwa kwa jasho la watu walionunuliwa. Kila mmoja wetu amesikia habari za soko. Wachache ndio waliosikia jinsi shamba lenyewe lilivyoendeshwa.

Mwenye shamba hakusimama juani kutwa. Mara nyingi alikaa mjini, katika nyumba ya mawe yenye mlango uliochongwa. Shambani alimweka msimamizi, ambaye kwa kawaida alikuwa mtu huru. Chini ya msimamizi alikuwako nokoa, na chini ya nokoa alikuwako kadamu. Sasa angalieni: nokoa alikuwa mtumwa, na kadamu naye alikuwa mtumwa. Alitoka katika misafara ile ile waliyotoka wenzake, pengine katika kabila lile lile. Tofauti yake na mwenzake aliyeshika jembe ilikuwa chakula bora kidogo, kazi nyepesi kidogo, na ruhusa ya kuamrisha.

Hatusemi kila nokoa alikuwa mkatili. Bila shaka walikuwamo waliojua kumficha mgonjwa na kumwachia mama anyonyeshe. Tusemalo ni hili: ukali wa tajiri aliyekaa mjini haukuweza kufika shambani kwa miguu yake wenyewe. Ulihitaji kuchukuliwa. Na waliochukua walikuwa watu ambao ukali huo huo uliwapata wao kwanza. Manokoa wote wa shamba moja wangekataa kwa siku moja tu kuupeleka mbele, tajiri angelazimika kushuka mwenyewe, na pengine angeona haya, maana ni rahisi zaidi kuagiza fimbo kuliko kuipiga ukimtazama mtu usoni.

Majina ya nokoa na kadamu hayasikiki tena kazini, lakini la msimamizi lingali likitumika kila siku katika hoteli za pwani ya mashariki. Na tutoe mfano. Tajiri yuko ng'ambo, atazama hesabu tu, na hesabu hazimpendezi. Amwandikia meneja maneno makali. Meneja, moyo ukimwenda mbio, amwita msimamizi wa zamu na kumwaibisha mbele ya watu. Msimamizi, ambaye kwao ni Iringa na ambaye kila Jumapili yupo Misani, ashuka kwa wahudumu wa vyumba akitafuta kosa, na kosa halikosekani kwa mwenye kulitafuta. Mhudumu wa vyumba hana wa kumshukia kazini. Basi usiku, katika chumba cha kupanga wanachokaa wanne, amfokea yule mdogo kuliko wote aliyefika juzi kutoka kijijini. Hivyo maneno yaliyoandikwa mbali katika ofisi yenye hewa baridi yamelala juu ya mkeka wa mtoto ambaye hata jina la tajiri halijui.

Katika mfano huo mtu mbaya hasa ni nani? Watu hujibu mara moja: tajiri. Nasi twakubali kwamba hukumu yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa uwezo wake ni mkubwa zaidi. Lakini twawaomba wasomaji wamtazame yule msimamizi wa zamu. Yeye ndiye anayefanana nasi, maana wengi wetu si matajiri wala si wa mwisho kabisa. Tu katikati: yuko aliye juu yetu na yuko aliye chini yetu.

Bwana wetu Yesu Kristu alimjua mtu huyo wa katikati. Katika Injili ya Mtakatifu Mathayo, sura ya 18, atusimulia habari za mtumishi aliyedaiwa na mfalme deni lisilolipika, akasamehewa lote, naye alipotoka nje tu akamkaba koo mtumishi mwenzake kwa sababu ya deni dogo. Mfano huo tumeuzoea sana, na kwa kawaida twauhubiri kama mfano wa kusamehe. Lakini ndani yake wamo watu wengine ambao mara chache mhubiri hukaa kwao: watumishi wenzao waliosimama wakaona. Waliona, wakasikitika sana, wakaenda kumweleza bwana wao mambo yote yaliyotendeka. Hawakusema, "Hayo si yetu." Hawakusema, "Tungoje, naye siku moja atapata malipo yake." Walikwenda. Wala katika mfano ule hatuoni wakilaumiwa kuwa wachongezi. Kwa neno lao ndipo bwana yule alipopata habari.

Yuko atakayetukumbusha Mtakatifu Petro, ambaye katika waraka wake wa kwanza awataka watumishi wawe watiifu hata chini ya mabwana wagumu. Ni kweli, ameandika hivyo, nasi hatuwezi kulikata neno lake kwa mkasi. Lakini maneno hayo yametumiwa vibaya mno katika dunia hii, hasa na mabwana, ambao hawakuandikiwa. Mtume aliwaandikia watu ambao hawakuwa na sheria ya kuwatetea wala ofisi ya kushitaki. Aliwafundisha jinsi ya kuyachukua mateso wasiyoweza kuyaepuka yasiwaharibu roho, wakimtazama Kristu ambaye hakurudisha tusi kwa tusi. Hakuwafundisha kuwapitishia wengine mateso hayo. Wala hakuwapa mabwana ruhusa. Mtu anayeweza kuliondoa jiwe njiani, akakaa chini na kuliita msalaba, hajamfuata Petro.

Hapa Mtakatifu Tomaso wa Akwino hutusaidia sana. Watu wengi hudhani subira ni kunyamaza. Yeye afundisha kwamba subira ni fadhila inayoilinda akili isimezwe na huzuni. Mtu akitukanwa kila siku, huzuni humjaa, na huzuni ikimjaa haoni tena lililo jema la kutenda. Hufanya moja ya mambo mawili: hulipuka, au hufa ganzi. Mwenye subira ni yule ambaye huzuni imempiga lakini haikumnyang'anya akili, naye angali aweza kupima aseme nini, kwa nani, na saa ngapi. Tena mtakatifu huyo asema wazi kwamba kumpinga mtenda mabaya inapobidi hakupingani na subira. Na kuhusu utii, afundisha kwamba mtu aweza kumwamuru mwenzake katika kazi za mwili, lakini ndani ya nia ya moyo hakuna bwana ila Mungu. Mkubwa wa kazi amepewa saa zako nane. Hakupewa dhamiri yako kwa hata dakika moja.

Kama mtu aona maneno ya mwalimu huyo ni makavu, na amtazame Mtakatifu Josefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, nchi ya Sudani, karibu na mwaka 1869, akaibiwa angali mtoto, akauzwa mara nyingi, akapigwa na kukatwa ngozi hata mwili wake ukabaki na makovu mpaka kufa. Mwishoni alipelekwa Italia, akawa yaya katika nyumba ya familia iitwayo Michieli. Bwana wa nyumba hiyo alikuwa amepata hoteli kubwa huko Suakin, mwambao wa Bahari ya Shamu. Mama mwenye nyumba alipokuja kumchukua Bakhita warudi naye Suakin, Bakhita, ambaye wakati huo alikuwa akifundishwa dini kwa masista Wakanosa mjini Venice, alikataa. Mtu mpole kuliko wote alisema "hapana", akalirudia. Shauri lilifika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ikaamua kwamba yeye ni mtu huru. Mwezi wa Januari uliofuata alibatizwa. Alikuja kuwa sista, akafa mwaka 1947, na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Bakhita hakuwachukia waliomtesa. Alisema hata wale waliomteka, kama angewakuta, angewapigia magoti, kwa kuwa njia ile ndiyo iliyomfikisha kwa Kristu. Wako wanaoipenda habari hii ya msamaha na kuisahau ile ya mahakama. Sisi twaona ni mwanamke yule yule. Aliyeweza kusamehe hivyo ndiye aliyeweza kukataa bila kutetemeka, kwa sababu hakuwa akikataa kwa kisasi.

Basi kijana aliye Unguja afanyeje hasa? Twarudi kwenye sura ile ile ya 18 ya Mathayo, ambamo, kabla ya mfano wa mtumishi, Bwana wetu ametupa utaratibu: kwanza nenda peke yako, kisha chukua mmoja au wawili, kisha peleka mbele ya wengi. Hekima hii yafaa hata kwa meneja asiye Mkristo.

Kwanza mwendee peke yake, mahali pasipo wageni, saa ambayo hana haraka, ukamwambie kwa adabu jambo moja tu lililo dhahiri. Si "unatutesa", maana hilo atalikana, bali "mwezi uliopita nilikatwa fedha kwa sahani ambayo sikuivunja." Wako wakubwa wasiojua jinsi wanavyoonekana. Wamefanywa wakali na hofu, na hofu yao haijaambiwa neno la upole hata na mtu mmoja. Tusikate tamaa na watu mapema.

Hilo likishindikana, lifuate la pili, na hapa Unguja yatupa kumbukumbu nyingine. Mwezi wa Agosti 1948 wachukuzi wa bandarini, waliofanya kazi katika kampuni ya African Wharfage, wengi wao wakiwa watu wa bara, waliweka mizigo chini. Mshahara haukulingana na bei za vitu. Mwanzoni mwa Septemba mgomo ulikuwa umeenea hata ukawa wa mji mzima. Mchukuzi mmoja peke yake alikuwa si kitu mbele ya kampuni, maana angefukuzwa asubuhi na kupatikana mwingine adhuhuri. Walipokuwa pamoja, wakubwa wasiokuwa na habari na mmoja mmoja walilazimika kuyasikia madai ya wote. Hatusemi mgomo ndiyo dawa ya kila jambo, na anayeuanzisha bila kufikiri aweza kuwaumiza walio maskini kuliko yeye. Lakini haki ya wafanyakazi kuungana Kanisa limeitetea kwa sauti tangu Baba Mtakatifu Leo XIII alipotoa waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi mwaka 1891. Mkatoliki anayejiunga na chama cha wafanyakazi hafanyi uasi.

Na la tatu, zipo sheria. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1 ya mwaka huo huo. Ina Kamisheni ya Kazi. Ina shirikisho la vyama vya wafanyakazi, yaani ZATUC. Upo Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, ulioanzishwa mwaka 1998, na mfanyakazi ahakikishe kwamba kile kinachokatwa katika mshahara wake kwa ajili ya Mfuko kinafika huko. Sheria hizi hazimsaidii asiye na karatasi. Twawasihi vijana: daini mkataba ulioandikwa, hifadhini nakala yake, tunzeni hati za mshahara, na mwe na daftari dogo la kuandikia tarehe na jambo lililotokea, pamoja na majina ya waliokuwapo. Daftari hilo la bei ndogo limewashinda mawakili.

Lipo jambo moja ambalo utaratibu huu wote hauhusiki nalo. Yuko mkubwa anayemwita msichana ofisini saa za kazi zimekwisha, na kumdai malipo ambayo hayamo katika mkataba wowote, naye amkumbusha orodha ya Juni. Hapo hapana mwendo wa polepole, wala subira, wala mazungumzo ya faragha. Msichana aondoke chumbani, aseme siku ile ile kwa mtu anayemwamini, na shauri lipelekwe kwenye vyombo vya sheria. Wazazi, mwambieni binti yenu kabla hajapanda boti, kwa maneno yaliyo wazi: siku ya jambo hilo rudi, hata huna senti, wala hakuna atakayekuuliza fedha ziko wapi. Twajua wasichana waliostahimili yasiyostahimilika kwa kuwa walidhani nyumbani wanangojewa wao na mshahara, na kwamba bila mshahara hawangojewi. Na wewe mlinzi, au mpokea wageni, uliyeuona mlango ukifungwa ukageuza uso kutazama bahari: umebeba nawe sehemu ya mzigo ule, kama nokoa.

Twasikia sasa manung'uniko ya msomaji. "Mhariri ni padre. Hajapata kuachishwa kazi. Hana mtoto anayengoja ada ya shule mwezi wa Januari. Ni rahisi kwake kusema, nenda useme." Manung'uniko hayo ni ya haki, na hatutayajibu kwa mzaha. Ni kweli kwamba asemaye huweza kufukuzwa, na kwamba ukimpoteza mfanyakazi mmoja wa hotelini, hupoteza chakula watu saba huko Kigoma. Mungu hamdai kila mtu aseme leo. Yako majira ya kunyamaza, na mama mwenye watoto wanne ana haki ya kupima maneno yake kuliko kijana asiye na mke.

Lakini lipo jambo lisilohitaji kusema neno hata moja, na ambalo kwa hilo hatuoni udhuru. Ni kukataa kuupitisha ukali. Msimamizi wetu wa Iringa aliyeaibishwa asubuhi aweza kuingia kwa wahudumu wa vyumba na kuwaambia tu kazi iliyo mbele yao, kwa sauti yake ya kila siku. Aibu aliyopewa aweza kuishika mwenyewe, akaipeleka jioni kwa Mungu. Ni kazi ngumu. Twathubutu kusema ni ngumu kuliko kugombana na meneja, kwa sababu hakuna aionaye, wala hakuna atakayemsifu. Wahudumu hawatajua kamwe kwamba asubuhi ile kitu fulani kilikuwa kikiwajia kikaishia mlangoni. Tena ataonekana dhaifu machoni pa meneja, naye aweza kukosa kupandishwa cheo kwa kuwa "hawezi kuwabana watu." Hii nayo ni hasara halisi, na tusimfiche kijana kwamba atailipa.

Ndiyo sababu haifai kumwacha ailipe peke yake. Wakristo wa Unguja ni wachache, na wengi wao ni wageni waliotoka huku kwetu. Kanisa lao kuu katika Mji Mkongwe, lile ambalo watu wote wa mji, Waislamu kwa Wakristo, huliita Minara Miwili, lilijengwa kati ya mwaka 1893 na 1898. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo huko na ziulize, zikiisha kusali: katika juma hili ni nani aliyeachishwa kazi kwa kusema kweli, naye analala wapi? Sahani ya wali na mkeka kwa majuma matatu huweza kumpa mtu ushujaa ambao hotuba zetu haziwezi kumpa. Wala jambo hili lisigeuzwe kuwa la dini. Mkubwa dhalimu twamkuta Mwislamu, twamkuta Mkristo, twamkuta Mzungu na Mwafrika. Na jirani Mwislamu amefundishwa tangu utoto, kama sisi, kwamba kuchelewesha ujira wa mfanyakazi ni dhambi. Wengi waliowapa vijana wetu pa kulala walikuwa majirani hao.

Nasi Kanisa tusijiweke kando. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Unguja mwaka 1863 na kuanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliwakomboa watoto wengi kwa fedha kutoka utumwani, na jina lao laheshimiwa kwa haki. Hata hivyo wanahistoria wameonyesha kwamba maisha ya misheni ile, chini ya kengele na jembe, yalikuwa magumu kwa baadhi ya waliokombolewa, na wako waliotoroka. Walikuwa wamekombolewa kwa nia njema, na bado walikimbia. Leo parokia, shule na hospitali zetu zimeajiri wapishi, madereva, walinzi na wauguzi. Mkubwa wao huvaa kanzu nyeupe au shela, nao huona vigumu zaidi kumshitaki, kwa kuwa wafikiri wanamshitaki Mungu.

Na mwisho twafika jikoni kwa msomaji mwenyewe. Mzazi uliyepokea simu kutoka Kiwengwa ukakosa usingizi kwa ajili ya mwanao, huenda nyumbani mwako yumo msichana wa kazi. Naye ana mama, pengine huko Singida au Lushoto, ambaye husikiliza sauti yake katika simu akijaribu kuzijua siku zake. Huamka kabla yenu na kulala baada yenu. Siku ulipogombezwa ofisini, jioni ile chai ilikuwa na kasoro gani? Glasi iliyovunjika mwezi uliopita, bei yake ilikatwa wapi? Jumapili, mnapokwenda Misa ya kwanza na nguo zenu zilizopigwa pasi, yeye huenda saa ngapi?